Kiti cha Watu wa Baba Yangu

Wiki chache kabla ya uchaguzi uliopita, jirani yangu aliniuliza kama aondoke Mombasa na wanawe au abaki. Nilimjibu kwa maneno machache, nimesimama uani na taulo begani, nikielekea kuoga. Jibu lile bado linanionea haya, au mimi ndiye ninayelionea haya. Nikilikumbuka njiani huongeza mwendo.

Jirani huyo alikuwa fundi cherehani. Alitoka bara, kwa watu wa ziwani, lakini alikuwa ameishi Kisauni miaka mingi na watoto wake wote wawili walizaliwa hapa. Mumewe aliendesha lori la mizigo kwenda nchi za jirani, akikaa njiani zaidi kuliko nyumbani. Yeye alishona sare za shule kwenye baraza la duka moja kando ya barabara, na baraza hilo ndilo lililomlisha. Kabla ya kulipata alishona chumbani, wateja wakawa hawamwoni. Alipohamia barazani, kila mzazi aliyepita alimkuta, na shule zikifunguliwa ilibidi awashonee watu kwa zamu.

Kila mwaka wa uchaguzi watu wengi wa bara wanaoishi kwetu hufanya jambo moja ambalo sisi wa Pwani tumelizoea hata hatulioni tena. Huwapeleka wanawake na watoto "kutembea nyumbani". Mabasi hujaa, vyumba hutiwa kufuli. Hakuna anayesema anaogopa. Husema nyanya mgonjwa, husema shamba linataka kupaliliwa. Uchaguzi ukipita salama hurudi na unga wa wimbi na samaki wakavu wa ziwani, wakatugawia, nasi tukapokea bila kuuliza kama nyanya amepona.

Fundi huyu hakuwahi kwenda. Chaguzi nyingine zote alikaa, akapiga kura, akarudi kwenye cherehani yake. Safari hii alikuwa na sababu zaidi za kukaa. Binti yake mkubwa alikuwa darasa la nane, anajiandaa kwa mtihani, na mwenye duka alikuwa ameanza kumwambia kwamba wapo watu wanaolitaka lile baraza. Akilifunga mwezi mzima, huenda asilikute. Lakini kuta za mtaani zilikuwa zimeanza kuandikwa maneno, na mumewe akimpigia simu kila siku kutoka njiani: ondoka, ondoka na watoto.

Inabidi nieleze kwa nini aliniuliza mimi. Au kwa nini mimi nilidhani aliniuliza mimi.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Shule niliiacha darasa la saba, si kwa kufukuzwa, ila siku moja nilipita njia nyingine kuona inatokea wapi, na sikurudi. Nimepakia mawe kwenye machimbo ya Bamburi, nimeezeka makuti kwenye mahoteli ya pwani, nimeosha matangi Changamwe, nimelinda shamba la mtu Jomvu Kuu nikajifunza kwa wavuvi wa pale majina ya samaki ambayo nilikuwa sijawahi kuyasikia. Kila nilikofika niliuliza maswali mpaka watu wakanichoka. Nilijua kuomba maji kwa Kikamba, kutukana kwa Kitaita, kutoa pole kwa Kidigo. Gazeti lililofungiwa nyama nililikunjua nikalisoma pande zote mbili.

Mama yangu ni Mgiriama, na alinilea Likoni peke yake. Baba alikuwa Mluo aliyefanya kazi Changamwe, akaondoka nikiwa bado natambaa. Kitu alichoniachia ni jina. Jina lile likisomwa kwa sauti popote, zahanati, kituo cha polisi, kwenye foleni ya kitambulisho, watu hunitazama upya. Mtu aliyekuwa akizungumza nami Kigiriama dakika ile huhamia Kiswahili, tena cha pole pole, kama anayemwelekeza mtalii.

Jina hilo ndilo lililonipatia kiti.

Wadi yetu sitaitaja. Mwakilishi wetu sote tulimwita mheshimiwa, na alikuwa na desturi aliyoipenda kuliko barabara na kuliko taa. Kila penye shughuli, kisima kikifunguliwa, mpira ukichezwa, mtu akizikwa, mbele pale hupangwa safu ya viti vyeupe vya plastiki, na mgongoni mwa kila kiti hubandikwa karatasi: Wamijikenda, Waswahili, Wakamba, Waluo, Waluhya, Wakikuyu, Wataita, Wahindi. Kila kiti kina mwenyewe. Mwenyewe huvaa kofia aliyopewa, hungoja zamu yake, husimama, husalimia umati kwa lugha yake, huketi. Kisha mheshimiwa hutunyooshea mkono na kusema, "Hii ndiyo wadi yangu. Ukiiona hii umeiona Kenya." Wageni hupiga picha.

Mluo wa viti hivyo alistaafu kazi akarudi bara. Kiti chake kikakaa kitupu shughuli mbili, na kwenye picha kiti kitupu huonekana kuliko waliokaa. Siku moja tulikuwa vibarua tunazibua mtaro, na msaidizi wa mheshimiwa, kijana nadhifu wa mjini anayenukia udi hata juani, akawa anatuita majina tupate chakula. Alipofika langu alisimama.

"Hili jina la nani?"

"Langu."

"Wewe Mluo?"

"Baba."

"Basi ndiye. Mtoto ni wa baba. Suruali nyeusi unayo?"

"Ina tundu."

"Itazibwa. Na Kiluo wakijua?"

"Sikijui, bwana."

"Utakijua. Ni salamu tu, wallahi, hatukutaki utoe hotuba."

Nilipeleka suruali kwa fundi. Aliiziba tundu akanifundisha na salamu, akicheka mpaka akaacha kukanyaga cherehani.

"Sema: amosou uduto."

"Amosou uduto."

"Mdomo usiupanue hivyo, omera. Unawasalimu watu, huwapigi mnada."

"Maana yake nini?"

"Nawasalimu nyote. Na wakikujibu, usiongeze kitu. Kaa chini haraka, kabla hawajakuuliza unatoka kijiji gani."

Omera ni ndugu, rafiki, ewe bwana. Aliniita hivyo tangu nilipohamia nyumba ile, hata kabla ya kujua jina langu, na mimi nilimwita dada.

Siku ya kwanza nilisahau kukaa haraka. Ilikuwa ufunguzi wa choo cha soko. Nilisimama, nikasalimia, na kina mama wa kwaya moja wakanijibu kwa vigelegele. Kisha mmoja wao akaniuliza jambo refu kwa Kiluo, na kipaza sauti kiko mkononi mwangu. Nikatabasamu. Akarudia. Nikatikisa kichwa kama ninayelitafakari. Wakaelewa. Sauti ikatoka nyuma kwa Kiswahili: "Huyu ni Mluo wa maji chumvi!" Uwanja mzima uliangua kicheko. Mheshimiwa alicheka mpaka akafuta macho, akanipiga begani, na tangu siku ile mtaani nikawa Maji Chumvi.

Niseme kweli: nilikipenda kiti kile. Nilikuwa mtu wa kusimama ukutani kwenye kila shughuli, mtu wa kuambiwa sogea. Sasa nilikuwa nikifika, kijana anafuta vumbi kwenye plastiki kwa kitambaa, ananiambia karibu mzee. Sikuwa mzee. Nilijua si haki yangu. Fundi ndiye aliyekuwa Mluo, na kina mama wa kwaya, na walinzi na makuli na walimu waliokuwa wakinitazama kutoka juani wakati mimi niko chini ya turubai. Lakini mtu huweza kulijua jambo na bado akaenda kulipiga pasi shati lake Jumamosi asubuhi.

Watu walianza kuniletea shida zao. Mtoto amekosa basari, mzee amekwama kitambulisho. Nilizipeleka ofisini, na nyingine zilitatuliwa, maana mheshimiwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mcheshi, alikumbuka majina ya watoto wa watu, alifika msibani mapema akabeba jeneza kwa bega lake. Ila ofisini nilisikia lugha nyingine ambayo kwenye kipaza sauti haikuwapo. Kule jamii zilizungumzwa kama magunia. Hawa wamejaa. Hawa wamepungua. Hawa wanatoboka, watafutieni kamba. Mara ya kwanza nilishtuka. Baadaye nilizoea, nikawa hata mimi naulizwa gunia langu liko vipi na ninajibu.

Uchaguzi ulipokaribia, maneno yakaanza. Ukutani karibu na stendi mtu aliandika kwa rangi nyeusi kwamba wageni warudi kwao. Mchana wake ukuta ukapakwa chokaa. Wengine walisema ni watoto. Wengine walisema watoto hawana pesa za rangi. Mheshimiwa aliitisha mkutano wa amani, viti vikapangwa, tukasalimia mmoja mmoja, na mimi nikasema amosou uduto yangu kwa sauti ya mtu aliyeizoea. Sikumwona fundi pale. Siku hizo alikuwa hafungui mpaka jua liwe juu, na akifunga mapema.

Baada ya mkutano huo mheshimiwa aliniita ofisini. Alinimiminia chai kwa mkono wake.

"Kaa, Maji Chumvi. Watu wako wana hali gani?"

"Wana wasiwasi, mheshimiwa."

"Hata mimi nina wasiwasi. Silali." Alisukuma sahani ya mahamri upande wangu. "Sasa, mimi siwezi kusimama hadharani nikawaambia watu waondoke. Kesho itakuwa habari. Lakini wewe ni mtu wao. Kwa upole, mtu na mtu, waambie wakatembee nyumbani kidogo. Uchaguzi ukipita, karibuni, nyumba ni yenu."

"Kwa usalama wao," alisema msaidizi kutoka dirishani.

"Kwa usalama wao tu," alisema mheshimiwa.

"Kwani kuna kitu mmekisikia?" niliuliza.

Walitazamana. "Hatukusikia kitu," alisema mheshimiwa. "Lakini tahadhari haina hasara."

Mimi sikwenda shule sana lakini si mjinga. Nilijua, na kila mtu mtaani alijua, kwamba safari ile watu wa ziwani walikuwa na mtu wao mwingine wa kumchagua. Mtu akiwa bara siku ya kura, kura yake haiko Kisauni. Nililijua hilo kabla sijamaliza chai. Nikamaliza chai, na nikala hamri la pili, kwa sababu lilikuwa bado moto.

Nilijiambia sitamwambia mtu yeyote, na kweli sikumwendea mtu. Nikitaka kujitetea mbele ya nafsi yangu huanzia hapo: sikumwendea mtu. Yeye ndiye aliyenijia.

Ilikuwa asubuhi. Nyumba yetu ni ile ya vyumba vinavyotazamana na ua katikati, na upande wa pili wa ua alikaa mwanamke mzee wa Kigiriama tuliyemwita hawe, yaani bibi. Hawe aliuza mchicha na mabuyu, aliimba nyimbo za kanisani akiosha sufuria, na alikuwa na ulimi mkali. Yeye ndiye aliyekuwa akiwatunza watoto wa fundi tangu wakiwa mgongoni. Kigiriama walichokijua watoto wale kilitoka kwake, na mdogo wao aliongea kama amezaliwa Kaloleni. Asubuhi hiyo hawe alikuwa ameketi mlangoni pake, anachambua mchicha.

Fundi alisimama kwenye kamba ya nguo. Hakuwa na uso wa utani.

"Omera. Niambie kweli, nibaki au niende?"

"Kwani waogopa nini, dada?"

"Sijui ninachoogopa. Mume wangu anasema niende, lakini yeye yuko mbali. Wewe unajua. Niambie tu."

Wewe unajua. Nilidhani nimeelewa. Nilidhani anazungumza na mtu wa kiti, mjumbe wa watu wake, anayekunywa chai na wakubwa. Na wallahi, nikasikia fahari. Kabla ya kitu kingine chochote, nikasikia fahari. Nikafikiria maneno ya ofisini, nikafikiria yale ya ukutani. Nikajiambia kwamba nikimwambia abaki kisha mtoto akaumizwa, nitaishi nalo vipi? Wazo hilo lilikuwa la kweli, nililiwaza kweli. Lakini chini yake kulikuwa na sahani ya mahamri.

"Mimi ningekuwa na watoto," nilisema, "ningeenda."

Aligeuka akamtazama hawe na mchicha wake kule ng'ambo ya ua, akamtazama muda mrefu. Kisha akaanza kuanua nguo, na nguo zilikuwa bado mbichi.

"Haya," alisema.

Siku iliyofuata walikuwa na mabegi. Binti alikuwa amenuna, vitabu vyake vimejaza mfuko wa pili. Hawe alitoka akajifuta mikono kwenye leso.

"Yuwaenda wapi huyu na mwana wa mtihani?"

"Kutembea nyumbani, mama. Nyanya yao hajisikii vizuri."

"Pole. Ufunguo nipe basi, nikufagilie."

Siku zote, hata akienda sokoni tu, fundi alimwachia hawe ufunguo wa chumba. Siku hiyo aliutia kwenye pochi yake. "Usijisumbue, mama. Sitakawia." Hawe alibaki na mkono umenyooka kidogo, kisha akautumia kumpangusa mdogo kamasi. Mimi nilibeba begi moja mpaka barabarani nikijiona muungwana.

Wiki ya kura, hawe alihamisha jiko lake. Alilitoa mlangoni pake akaliweka mbele ya chumba cha fundi, akaweka na kigoda, akakaa pale toka asubuhi mpaka wakati wa kulala. Nilimuuliza kwa nini.

"Vijana wapitapita. Wakiona kufuli wajua hakuna mtu. Wakiona sufuria yachemka wajua kuna mtu."

"Wamekuja?"

"Wamekuja wawili jana kuuliza huyu mama wa bara yuko wapi. Nikawaambia yuko ndani amelala, na nyinyi mama zenu wako wapi? Nikawataja mama zao. Wakaondoka."

Siku zile kazi ya kibarua ilisimama na mikahawa ilifungwa, kwa hiyo nilikula kwa hawe. Alinipakulia sima na mchicha wa nazi pale pale mlangoni pa fundi, tukisikiliza redio. Watu walipanga foleni, wakapiga kura, wakabishana, wakalala. Mtaani kwetu halikuvunjwa hata dirisha. Mheshimiwa alishinda kwa kura chache, na siku ya kusherehekea alinisimamisha mwenyewe mbele za watu.

"Huyu bwana," alisema, "aliwatuliza watu wake. Mpigieni makofi."

Walinipigia. Nilivua kofia nikainama.

Fundi alirudi wiki kadhaa baadaye, maana mabasi yalipanda nauli na ilibidi amngoje mumewe awapitie na lori. Asubuhi ya kwanza alikwenda barazani na cherehani yake juu ya mkokoteni, akakuta meza ya kioo na kijana anayetengeneza simu. Nilikuwapo, kwa sababu nilimsaidia kusukuma. Mwenye duka alitoka akatabasamu kama mtu asiye na kosa.

"Si mlikwenda kwenu, mama? Mimi nilidhani mmekwenda moja kwa moja."

Hakubishana naye. Tuligeuza mkokoteni. Tulipoiteremsha cherehani mlangoni pake mimi ndiye niliyeanza kusema.

"Usijali, dada. Nitamwambia mheshimiwa. Mimi ni mjumbe wenu, hawezi kunikatalia."

Aliinua kichwa. "Mjumbe wetu wa nini? Hiyo salamu yenyewe si nilikufundisha mimi?"

"Lakini ulipokuwa na shaka ulinijia mimi."

"Nilikujia wewe." Aliketi juu ya cherehani iliyofunikwa, mikono imelegea. "Omera, watu wangu mimi wangeniambia niende hata kabla sijafungua mdomo. Mume wangu alikuwa akinipigia kila siku. Nije kwako kusikia hilo hilo? Nilikuja kwako kwa sababu mama yako ni wa hapa. Umezaliwa hapa. Unakaa nao matangani, wanazungumza mbele yako yale wasiyoyasema mimi nikiwapo. Nilitaka kujua kama hawa majirani watatugeuka. Hilo tu. Na wewe mtoto wa Mgiriama ukaniambia niende."

"Basi nikajua umesikia jambo," aliendelea. "Njia nzima kwenye basi nilikuwa nafikiria ni nani. Nilimfikiria kila mtu wa nyumba hii. Nikamfikiria mpaka yule mama." Alionyesha kwa kidevu ng'ambo ya ua. "Wanangu wamekulia mapajani pake, na mimi nakaa nahesabu alivyonitazama siku ile."

"Sikusikia jambo," nilisema. "Kwa majirani sikusikia kitu, naapa."

"Basi ulisema kwa nini?"

Ningeweza kumweleza juu ya ofisi, chai, magunia. Sikumweleza. Nilisema jambo lingine, nikidhani nitarekebisha.

"Hawe alikulindia mlango. Wiki nzima alipikia hapa. Walikuja vijana kukuulizia, akawafukuza."

Uso wake ulibadilika, lakini si kama nilivyotarajia.

"Walikuja?"

"Wawili tu. Watoto wa mtaani."

"Kwa hiyo ilikuwa kweli," alisema polepole. "Na yeye alijua watakuja, ndiyo maana akakaa."

Nilijaribu kumwambia haikuwa hivyo. Kila nililolisema liligeuka ushahidi. Tangu siku ile alimsalimu hawe kwa adabu, kama mtu anavyomsalimu karani. Mdogo alipokimbilia ng'ambo, aliitwa arudi.

Wiki mbili baadaye kulikuwa na shughuli, darasa jipya linafunguliwa, na msaidizi akanipigia simu. Nilikwenda. Ningependa kuandika kwamba nilikataa, lakini nilikwenda, nikaketi kwenye karatasi yangu. "Watu wako wamerudi salama?" mheshimiwa aliniuliza, na nikasema wamerudi salama.

Mwishoni mwa mwezi fundi alihama. Alipata chumba Changamwe, kwenye nyumba ambayo wapangaji wote ni wa kwao. Miaka yote aliyokaa Kisauni aliwacheka waliotafuta nyumba za namna hiyo, akisema kama alitaka kukaa na kijiji chake si angebaki kijijini. Mkokoteni ulipakiwa kitanda, cherehani, masufuria. Alimfuata hawe kumuaga.

"Kwaheri, mama."

"Mwanangu, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, mama. Ni kule kuko karibu na malori, baba yao atafika nyumbani mapema."

Hawe alimshika mdogo kichwa, akamwachia. Mkokoteni ukatoka. Nilipaswa kwenda nao kusukuma, lakini fundi alikuwa amelipa kijana mwingine, na nilipoweka mkono kwenye mbao alisema, "Acha tu, omera," na hakuwa na hasira.

Tulibaki wawili uani. Hawe alichukua ufagio akaingia kwenye chumba kilichobaki wazi, akaanza kufagia vipande vya nyuzi na vitambaa vya sare, buluu na kijani. Aliniuliza bila kugeuka.

"Wewe ndiwe uliyekuwa ukizungumza naye. Tumemkosea nini?"

"Hawe, mimi ndiye niliyemwambia aende."

"Changamwe?"

"Kabla ya kura. Aliniuliza kama mtamgeuka. Mimi nikamwambia aende."

Ufagio ulisimama.

"Ulimwambia tutamgeuka."

"Sikusema hivyo. Nilisema aende."

"Na ni nini tofauti yake?"

Niliokota kipande cha uzi miguuni pangu.

"Wiki ile ulikula hapa," alisema. "Hapa mlangoni, sahani yangu mkononi mwako. Ukiniona nimeketi pale kwenye kigoda, ulidhani namvizia nani?"

Nilisema sikudhani. Nilisema nilijua anamlindia. Aliniangalia, na nikaona kwamba kujua kwangu ndiko kulikoharibu zaidi, maana mtu asiyejua ana pa kujificha. Kisha aliinama akaendelea kufagia, kutoka pembeni kuja mlangoni, akakusanya nyuzi zile fungu moja dogo. Mwenye nyumba alikuwa ameshasema mpangaji mwingine ataingia kesho.

Niliingia nikanyoosha mkono nimpokee ufagio. Hakunipa.